Anayepanga na Anayepangisha: Lugha ya Nyumba ya Kupanga kwa Wajifunzaji wa Kiswahili katika Nchi za Jirani

Ikisiri

Mada ya nyumba haikosekani katika vitabu vya kufundishia Kiswahili kwa wageni, lakini mara nyingi huishia katika kutaja vyumba na samani. Makala haya yanaeleza kwamba mjifunzaji anayetoka Kampala, Kigali au Bukavu kwenda kuishi Dar es Salaam anahitaji pia lugha ya kupanga, ambayo ina sarufi yake, maana zake na adabu yake. Uzito mkubwa umewekwa kwenye vitenzi ‘panga’ na ‘pangisha’, ambavyo mwelekeo wake hugeuka vinapopita katika Kiganda na Kinyarwanda. Kisha yanajadiliwa maneno ‘kodi’, ‘sebule’, ‘apatimenti’ na ‘dalali’. Mifano ya sentensi imetungwa kwa kufuata matumizi ya kawaida ya wazungumzaji.

Istilahi za msingi: kupanga, kupangisha, kodi, mkataba, kauli ya kutendesha

Utangulizi

Mjifunzaji anapofikia somo la nyumba, hukuta picha ya nyumba iliyokatwa ukuta wa mbele ili vyumba vyake vionekane. Baba yuko sebuleni, mama yuko jikoni, watoto wako chumbani. Mwalimu huuliza, ‘Baba yuko wapi?’, na darasa hujibu kwa pamoja. Somo hilo lina faida yake: linafundisha kiambishi cha mahali ‘-ni’, ngeli za mahali na majina ya vyombo. Hata hivyo, picha hiyo ina familia moja chini ya paa moja. Hakuna mita ya umeme ukutani, hakuna choo kinachotumiwa na kaya tatu, wala hakuna mtu anayebisha hodi tarehe ya mwisho wa mwezi. Nyumba ya kitabuni ni nyumba ya mwenye nyumba.

Wajifunzaji wengi wa Kiswahili katika nchi za jirani hawataishi katika nyumba ya namna hiyo wakivuka mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inawapa raia wa nchi wanachama fursa ya kwenda kufanya kazi na kuishi katika nchi nyingine za Jumuiya, lakini suala la ardhi limeachwa chini ya sera na sheria za kila nchi. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo mwalimu kutoka Uganda, muuguzi kutoka Burundi na mfanyabiashara kutoka Goma, wakifika Dar es Salaam, huanza maisha yao kama wapangaji, na wengi hubaki hivyo. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Ni haki kuuliza kama Kiswahili wanachofundishwa watu hawa kinaweza kuwapatia ufunguo wa chumba.

Silabi moja, pande mbili

Tazama sentensi hizi mbili:

(1) Nimepanga nyumba Sinza.
(2) Nimepangisha nyumba Sinza.

Kwa mzungumzaji wa Dar es Salaam, msemaji wa sentensi ya (1) analipa kodi na msemaji wa sentensi ya (2) anapokea kodi. Tofauti yote imebebwa na kiambishi ‘-ish-’ cha kauli ya kutendesha: anayepangisha ni yule anayemwezesha mwingine kupanga. Kutokana na vitenzi hivyo hupatikana nomino ‘mpangaji’ na ‘mpangishaji’, na hizo ndizo nomino mbili zinazoongoza karibu kila mkataba wa nyumba ulioandikwa kwa Kiswahili nchini Tanzania. Ukurasa wa kwanza humtaja kila mmoja kwa jina lake kamili. Kuanzia ukurasa wa pili majina hupotea, na kila wajibu huangukia ama kwa Mpangaji ama kwa Mpangishaji. Msomaji asiyeisikia silabi hiyo vizuri anaweza kusoma mkataba mzima akiwa amesimama upande usio wake.

Mjifunzaji wa Kichina au Kijerumani huweza kuifahamu tofauti hii kwa kuambiwa mara moja, kwa kuwa hana kitu cha kuichanganya nacho. Tatizo humpata zaidi jirani, kwa sababu lugha yake ina neno lilelile likielekea upande mwingine. Katika Kiganda, kitenzi cha kupanga nyumba ni ‘okupangisa’, na wapangaji huitwa ‘abapangisa’. Umbo hilo lina kiambishi kinacholingana na ‘-ish-’ ya Kiswahili, lakini anayelitenda tendo hilo ni yule anayelipa. Katika Kinyarwanda, ‘gukodesha’ hutumika kwa pande zote mbili: mwenye nyumba ‘akodesha’ nyumba yake, na mpangaji naye ‘akodesha’ nyumba ya kuishi, kisha muktadha huamua nani ni nani. Jambo la kuvutia ni kwamba Kinyarwanda hichohicho humwita mpangaji ‘umupangayi’, umbo ambalo undugu wake na ‘mpangaji’ uko wazi. Nomino imebaki na mwelekeo wa Kiswahili, kitenzi kimekwenda njia yake.

Nchini Kenya hali si tofauti sana. Mtu anayesema ‘Nimekodisha nyumba Kasarani’ aghalabu anamaanisha kwamba amehamia huko na analipa. Wasikilizaji wake hawapati shida, kwa kuwa wote wamezoea. Sentensi hiyohiyo ikisemwa Dar es Salaam humfanya msikilizaji aone mtu mwenye mali. Ikumbukwe pia kwamba nchini Tanzania ‘kukodi’ hutumika zaidi kwa kitu kinachochukuliwa kwa muda mfupi na kurudishwa, kama vile gari, ukumbi wa arusi, viti na maturubai. Nyumba ya kuishi hupangwa.

Mambo haya yasingekuwa na uzito mkubwa kama yangeishia katika kuchekesha. Lakini chukua mfano wa mpangaji kutoka Kampala anayeishi katika nyumba ya vyumba viwili, ambaye anaulizwa na mwenye nyumba habari za makazi yake, naye anajibu:

(3) Ninapangisha vyumba viwili hapa, sina shida.

Kwa kusudio lake, amesema kwamba yeye ni mpangaji wa vyumba viwili. Alichosikia mwenye nyumba ni kwamba vyumba hivyo viwili vimepewa watu wengine kwa malipo. Mikataba mingi ina sharti linalofanana na hili:

(4) Mpangaji hataruhusiwa kumpangisha mtu mwingine nyumba hii au sehemu yake bila idhini ya maandishi ya Mpangishaji.

Katika sentensi hiyo moja shina ‘-pang-’ limejitokeza mara tatu, na mpangaji wetu amekwisha kukiri kwa ulimi wake kwamba amelivunja sharti. Hajakosea sarufi hata kidogo. Sentensi ya (3) ni sanifu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana kosa la namna hii huwaponyoka walimu wanaposahihisha insha. Mwalimu hutafuta upatanisho wa kisarufi uliovunjika, na hapa haukuvunjika. Kilichovunjika ni ukweli wa habari.

Njia nyepesi ya kulifundisha jambo hili ni kumwingiza mtu ndani ya kitenzi. Kitenzi ‘pangisha’ hukubali kiambishi cha yambwa kinachomrejelea mpangaji:

(5) Mama Asha amenipangisha chumba.
(6) Nimepanga chumba kwa Mama Asha.

Huwezi kusema ‘Mama Asha amenipanga chumba’ ukaeleweka hivyo. Mitaani ‘kumpanga mtu’ kuna maana nyingine kabisa, yaani kumlainisha kwa maneno mpaka akubali jambo, na wapo madalali wanaompanga mteja kabla hajapanga. Mjifunzaji akifanya mazoezi ya jozi ya (5) na (6) kwa kubadilisha nafsi, mwelekeo wa fedha hujidhihirisha bila maelezo marefu ya istilahi za sarufi.

Kodi inayoisha

Neno ‘kodi’ lina maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenganisha: malipo kwa serikali na malipo kwa mwenye nyumba. Katika maandishi rasmi ya Tanzania, utata huo hupunguzwa kwa kusema ‘kodi ya pango’ au ‘pango’ peke yake kwa malipo ya nyumba. Mjifunzaji anayetegemea kamusi ndogo atakuta kwamba ‘pango’ ni shimo kubwa mlimani. Basi huweza kushangaa kwa nini ofisi inamwandikia barua kuhusu malimbikizo ya pango.

Mwaka 2021 maana hizo mbili zilikutana katika mita. Tangu mwaka huo kodi ya majengo nchini Tanzania imekuwa ikikatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, kifupi cha ‘Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo’. Kiwango kilichoanza kilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila ghorofa kwa nyumba ya ghorofa. Kisheria kodi ya majengo ni ya mmiliki, lakini anayenunua umeme kila wiki ni mpangaji. Kwa hiyo mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita huona tena ‘kodi’ ikikatwa anaponunua umeme, na kama hajui kwamba hizi ni kodi mbili, hatajua kwamba ana jambo la kuzungumza na mwenye nyumba. Anaweza kusema, ‘Mzee, kodi ya jengo imekatwa kwenye LUKU yangu, naomba tuihesabu katika pango.’ Sentensi hiyo haimo katika vitabu vingi vya kufundishia, ingawa ina thamani ya fedha taslimu.

Desturi za malipo nazo zimeacha alama katika lugha. Dar es Salaam kodi ya nyumba hulipwa kwa mkupuo, aghalabu miezi mitatu, sita au hata kumi na miwili kabla ya kuhamia. Ndiyo maana mzungumzaji wa huko husema ‘Kodi yangu inaisha mwezi wa tisa’ au ‘Kodi imeisha’. Kodi hapa ni kama akiba ya siku iliyonunuliwa inayopungua taratibu. Nairobi, ambako kawaida ni kulipa mwezi kwa mwezi baada ya kuweka amana, kodi haiishi; hufika, hudaiwa, hucheleweshwa. Mkenya aliyeambiwa na mwenye nyumba wa Dar es Salaam ‘Kodi yako imeisha’ anaweza kufurahi kwamba hana deni, kumbe anaambiwa aje na fedha za miezi sita mingine.

Amana yenyewe ina majina mengi. Katika Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi husikika ‘garanti’ kutokana na Kifaransa, na sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji wa nyumba imeweka kikomo cha miezi mitatu kwa garanti ya nyumba ya kuishi. Mkongo anayefika Dar es Salaam akaombwa kodi ya miezi sita huenda akadhani ameombwa garanti iliyopita kiasi, tena akatarajia kurudishiwa siku ya kuhama. Fedha hiyo hairudi, kwa kuwa si garanti. Ni miezi ambayo atakuwa ameishi. Kuna pia ‘kilemba’, malipo ya ziada ya kupisha nafasi, ambayo yanajulikana zaidi katika fremu za maduka kama zile za Kariakoo kuliko katika nyumba za kuishi.

Kuieleza nyumba

Majina ya sehemu za nyumba hubadilika kadiri watu wanavyobadili namna ya kuishi, na Kiswahili kimehifadhi tabaka kadhaa. Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, ‘sabule’ kilikuwa chumba cha mgeni kilichotengwa na vyumba vya ndani vya familia. Neno hilo ndilo hili ‘sebule’ la leo, lakini sebule ya leo ni mahali ambapo familia yenyewe hukaa na kutazama televisheni, na mgeni hukaribishwa humohumo. Katika nyumba ya kupanga maana yake imebana zaidi. ‘Chumba na sebule’ ni aina ya makazi: vyumba viwili vilivyoungana, cha ndani cha kulala na cha mbele cha mambo mengine yote, pamoja na kupika ikiwa hakuna jiko. Mjifunzaji anayefikiri kwamba sebule ni chumba cha starehe atashangaa kukuta jiko la gesi pembeni mwa kochi.

Tabaka jingine ni la nyumba ya Kiswahili ya mijini kama zile za Kariakoo, Magomeni na Ilala: mlango wa mbele wenye baraza, ukumbi mrefu katikati, vyumba kwa safu mbili, na nyuma uani, ambako kuna jiko, choo na mahali pa kufulia. Nyumba hiyo ilijengwa kwa namna iliyorahisisha upangishaji. Mwenye nyumba aliweza kukaa upande mmoja na kupangisha upande wa pili, au kupangisha kila chumba kwa mtu wake. Kutokana na nyumba hiyo tumepata matumizi ya ‘upande’ (‘nimepanga upande mzima’) na ‘uani’ (‘chumba kiko uani’), ambayo mjifunzaji huyaona kama maelezo ya mahali tu, ilhali ni maelezo ya bei na hadhi pia. Chumba cha uani si sawa na chumba cha mbele.

Kisha kuna nyumba za umma. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba hadi ofisi hiyo ilipounganishwa na Shirika mwaka 1990. Jina la ofisi hiyo linastahili kusimamisha darasa kwa dakika chache. Halikuwa ‘Msajili wa Nyumba’. Lilikuwa ‘wa Majumba’, kwa umbo la ukubwa, kwa maana kilichotwaliwa kilikuwa majengo ya ghorofa ya katikati ya mji na si vibanda vya watu. Wakazi wa miji ya Tanzania waliendelea kusema ‘nyumba ya Msajili’ bila kutaja zaidi, na kila mtu alielewa.

Lugha ya matangazo ya leo ni tabaka jipya kabisa. Tangazo la kawaida la dalali huweza kusomeka hivi:

(7) Apatimenti mpya inapangishwa Kimara. Vyumba viwili, kimoja masta, sebule kubwa, jiko, choo cha wote. Luku yako, maji yako. Ndani ya fensi, wapangaji wanne tu, mwenye nyumba hakai hapo. Kodi laki tatu kwa mwezi, malipo miezi sita. Udalali mwezi mmoja.

Mjifunzaji aliyefaulu mtihani wa ngazi ya kati anaweza kukwama hapa, na si kwa sababu ya maneno magumu. ‘Masta’ ni chumba cha kulala chenye choo na bafu lake ndani. ‘Choo cha wote’ katika tangazo hili ni kile cha wanafamilia na wageni wao, lakini katika tangazo la chumba kimoja maneno hayohayo humaanisha choo cha wapangaji wote wa nyumba. ‘Luku yako’ humaanisha kwamba mpangaji ana mita yake na hatagombana na jirani mwenye jokofu kuhusu nani amemaliza umeme. Nchini Uganda jambo hilo lingeelezwa kwa kutaja Yaka, Rwanda Cash Power, Kenya tokeni. Kila mji una jina lake la umeme wa kulipia kabla, na jina moja halisafiri kwenda mji mwingine. ‘Mwenye nyumba hakai hapo’ limetajwa kama sifa nzuri, sawa na vigae na madirisha ya alumini, na hilo linaeleza mengi kuhusu uhusiano wa pande hizo mbili.

Neno ‘apatimenti’ linahitaji tahadhari ya pekee. Kwa anayetoka Ulaya au hata Nairobi, hilo ni makazi ndani ya jengo la ghorofa. Dar es Salaam neno hilo halidai ghorofa. Nyumba nne za chini zilizoshikana ndani ya ukuta mmoja wenye geti moja huitwa apatimenti, tofauti na ‘stendaloni’, yaani nyumba iliyosimama peke yake katika kiwanja chake. Neno la zamani ‘fleti’ ndilo lililobeba maana ya ghorofa, na bado husikika kwa watu wazima. Kuhusu ghorofa zenyewe, mjifunzaji atenganishe ‘ghorofa ya tatu’ na ‘ghorofa tatu’: ya kwanza ni mahali anapoishi, ya pili ni urefu wa jengo. Anayebeba gesi atajua kwamba tofauti hiyo si ndogo.

Kuna na mitego ya maneno yanayofanana. Uganda, vyumba vidogo vilivyojengwa kwa safu kwa ajili ya wapangaji huitwa ‘muzigo’, wingi ‘mizigo’, na neno hilo hutumika hata katika takwimu rasmi za makazi. Mganda akimwambia dalali wa Dar es Salaam ‘Natafuta mzigo wa bei nafuu’, ataelekezwa Kariakoo kwenye maduka ya jumla.

Watu wa nyumba

Tanzania mtu hasemi na mpangishaji. Mpangishaji ni mtu wa kwenye karatasi. Uso kwa uso yupo ‘baba mwenye nyumba’ au ‘mama mwenye nyumba’, na kwa kumwita huitwa Mzee, Mama, au Mama fulani kwa jina la mtoto wake. Akiwa mtu mzima huamkiwa ‘Shikamoo’ kabla ya jambo lolote, hata na mpangaji aliyekwisha kulipa mwaka mzima. Mjifunzaji aliyezoea kusema ‘landilodi’ Nairobi au Kampala huona jambo hili kama unyenyekevu wa kupita kiasi. Lakini istilahi hiyo ya kindugu hubana pande zote mbili: anayeitwa mama huona aibu kumfungia mtoto wake mlango, na mtoto naye huona aibu kumkwepa mama yake anapodaiwa. Kwa hiyo anayetaka kuongezewa muda hasemi ‘Nataka wiki mbili’. Husema, ‘Shikamoo mama. Nimekuja kuomba unisogezee kidogo, mshahara haujatoka.’ Vivyo hivyo anayetafuta chumba hasemi ‘Nataka chumba’. ‘Naulizia chumba’ ndiyo kauli ya mlangoni.

Kati ya pande hizo anasimama dalali. Tanzania yeye ndiye anayemtembeza mteja na kupokea ujira ambao kwa kawaida ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mkenya akisikia ‘dalali’ hufikiria mtu wa mnada, anayekuja na lori kuchukua samani za aliyeshindwa kulipa, na hivyo kuambiwa ‘subiri, dalali anakuja’ huweza kumtia hofu. Kigali, Bujumbura na Kongo ya mashariki kazi ileile hufanywa na mtu mwenye jina lililotokana na Kifaransa, ‘umukomisiyoneri’ au ‘komisioneri’. Huyu atafutiwe nafasi katika somo la nyumba, kwa kuwa ndiye mtu wa kwanza ambaye mgeni huzungumza naye.

Mkataba darasani

Uganda ilipitisha sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, ambayo inazuia kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mengi hutegemea kilichoandikwa katika mkataba, na mkataba wa nyumba ya kawaida huandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi kurasa mbili tu, na hushuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa mjifunzaji wa nchi jirani hiyo ni matini fupi, halisi, yenye sarufi nzito, na ambayo ataitia saini siku moja. Ni vigumu kuona sababu ya kuiacha nje ya darasa.

Sarufi iliyomo inajitosheleza. Kuna wakati ujao wa wajibu: ‘Mpangaji atalipa’, ‘Mpangaji hataongeza ukuta’. Kuna kauli ya kutendwa inayoficha mtendaji: ‘Nyumba itakaguliwa wakati wowote’, na mwalimu mwerevu atauliza, itakaguliwa na nani? Kuna ‘-ki-’ na ‘-sha-’ katika sharti lililo maarufu kuliko yote: ‘Kodi ikishalipwa haitarudishwa.’ Kuna virejeshi: ‘katika hali aliyoikuta’. Nje ya mkataba, ukuta wa mtaani nao hufundisha: maandishi ‘NYUMBA HII HAIUZWI’, yaliyopakwa rangi kwenye nyumba nyingi za miji ya Tanzania ili kuwazuia matapeli wasiuze mali isiyo yao, yana ukanushi na kutendwa katika neno moja.

Zoezi moja linaweza kutolewa hapa kwa ukamilifu. Wanafunzi wapewe mkataba uliofutwa maneno ‘Mpangaji’ na ‘Mpangishaji’ kila yanapotokea, wakitakiwa kuyarudisha. Mengi hurudishwa kwa urahisi: anayelipa, anayepokea, anayekabidhi funguo. Mjadala huanza kwenye sharti kama hili:

(8) Matengenezo madogo yatafanywa na ______, na matengenezo makubwa yatafanywa na ______.

Kujaza nafasi hizo si kazi. Kazi ni kivumishi. Kitasa kilichovunjika ni matengenezo madogo? Bomba la jikoni linalovuja? Bati lililong’olewa na upepo wa masika? Wanafunzi kutoka Kampala na wale wa Kigali hawatakubaliana, na kila mmoja atalazimika kutetea msimamo wake kwa Kiswahili. Mwalimu asiwape jibu, kwa kuwa mkataba wenyewe hauna jibu. Awaombe watunge swali ambalo mpangaji angemuuliza mama mwenye nyumba kabla ya kutia saini, kwa adabu inayofaa: ‘Samahani mama, bati likivuja, tunatengeneza sisi au unatutengenezea wewe?’